Waksi ya Gari Lisilotoka Getini

Jumapili, 17 Novemba 2024

Mvua ya kwanza ya maana imetukuta kanisani. Mimi na binti yangu Lidia tumerudi nyumbani Nsemulwa, hapa Mpanda, tumebeba viatu mkononi, tope limefika kwenye vifundo, na tulipofungua geti jambo la kwanza nililoliona ni gari. Jeusi, limelowa, limesimama palepale.

Mume wangu Innocent aliliegesha mwenyewe alipokuja likizo. Alizima injini, akampa mama yake ufunguo mbele ya macho yangu. "Mama, shika wewe. Huyu mwalimu ana haraka sana na usukani." Akacheka. Mama Katarina hakucheka, aliufunga tu kwenye pindo la khanga. Mimi leseni ninayo tangu kabla sijalijua jina la Innocent. Baba yangu aliendesha lori la misheni kule Namanyere, na alinifundisha kwenye njia ambazo mbuzi wenyewe walizikwepa.

Jioni akapiga simu ya video kutoka Geita, kwenye mgodi anakoendesha mitambo. Kila Jumapili hupiga.

"Zungusha kamera."

Nikazunguka gari, polepole, kama anavyotaka: boneti, milango, nyuma, taa.

"Ona maji yanavyolala. Waksi imekufa hiyo. Maji yanatakiwa yasimame vidonge vidonge. Tafuta waksi nyingine, Aneth, ya bei ya kawaida lakini idumu. Masika haya yakiila rangi, gari imekwisha."

Lidia alikuwa amesimama pembeni na picha aliyochora Sunday school, anasubiri kumwonyesha baba yake. Mtandao ukakata. Au alikata yeye, sijui.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimeosha, nimekausha, nimepaka ile waksi aliyoiacha, ya kopo, laini, inayonuka mafuta ya taa. Mabega yanawaka. Madaftari ya darasa la sita hayajaguswa.

Mama Katarina amekaa barazani tangu asubuhi, ananitazama. Ananipa ufunguo nipashe injini moto, anasubiri, anaurudisha kwenye khanga.

Jumatatu, 25 Novemba

Mvua. Nimetembea kwenda shule na mwavuli uliovunjika. Nimerudi, nimemwaga kikombe cha maji kwenye boneti. Yamelala. Jumamosi yangu yote imeondoka na mvua moja.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimekwenda sokoni kwa Abednego, anayeuza vipuri na vikorokoro vya magari. Ni mtu mrefu, mpole, anayemhoji mteja kama daktari.

"Mwalimu, gari inalala wapi?"

"Nje. Chini ya mjohoro wa jirani."

"Inatembea njia gani? Lami au vumbi?"

"Haitembei."

"Mbovu?"

"Nzima."

Akanitazama kidogo, kisha akageukia rafu. "Basi adui zako ni mvua, jua na huo mti. Hii ya kupuliza ni rahisi, unapuliza unafuta, inang'aa leo. Kesho sikuahidi. Hii nyingine ni ya kusugua mikwaruzo, ina chembechembe ndani. Usiipake kila wiki, inakula rangi, utafika kwenye bati. Hii ya kopo gumu, imeganda kama sabuni, ni ghali kidogo lakini unagusa tu, kopo moja unakaa nalo. Na hii chupa yenye picha ya simba wanasema ni ya kisasa, inakaa miaka. Mimi sijui. Watu wanampenda simba."

"Ipi inadumu kweli?"

"Kila mteja anasema yake. Hakuna aliyewahi kurudi na jibu."

Nikatoka na kopo gumu, ya kupuliza na chupa ya simba, nimemaliza hela yote aliyotuma Innocent na kidogo ya kwangu. Mlangoni pa soko Générose, mama mmoja kutoka Mishamo anayeuza asali, akanisikia nikilalamika. "Mwalimu, chukua na nta ya nyuki. Sisi tunapaka milango na viti. Mvua haipiti." Nikachukua donge.

Jumapili, 1 Desemba

Ninafundisha sayansi. Kwa nini nibahatishe?

Baada ya misa nimepanda kwenye stuli nikaligawa paa la gari mafungu manne kwa ile tepu ya karatasi ya mafundi rangi. Fungu moja kopo gumu, moja ya kupuliza, moja simba, moja nta ya nyuki niliyoiyeyusha na tapentaini ya fundi seremala. Nimechagua paa kwa sababu ndilo linalopigwa zaidi na mvua. Na kwa sababu kamera ya Jumapili haifiki huko.

Kopo gumu lina namna yake. Unapaka kiduchu, unasubiri kikauke kiwe kama ukungu kwenye kioo, ndipo unafuta na kitambaa laini. Ukipaka kingi unajitesa bure.

Mama Katarina aliniuliza kutoka barazani, "Unafanya nini juu huko?"

"Napima, mama."

"Unapima nini?"

"Ipi itadumu."

Akasema, "Haya." Nilijua Innocent atasikia kabla ya jioni.

Jumanne, 3 Desemba

Mvua kubwa. Innocent hajasema kitu kuhusu paa.

Ijumaa, 6 Desemba

Mvua tena. Fungu la kupuliza limekwisha. Maji yanalala kama kwenye sufuria. Yale mengine matatu yanasimama vidonge.

Shule zimefunga. Nilidhani nitakwenda Namanyere kumwona baba. Innocent amesema nani ataangalia nyumba. Nikamwambia mama yupo. Akasema, "Mama ni mtu mzima, Aneth, ataosha gari?"

Jumamosi, 14 Desemba

Simba naye amekwisha. Ilikuwa maji yenye manukato.

Alhamisi, 19 Desemba

Leo nina hasira na ninaandika hasira zangu zote hapa ili Lidia asizione.

Mjohoro wa jirani unamwaga maua. Yakilowa yanaganda kwenye rangi, yanaacha madoa ya njano. Asubuhi nilipopewa ufunguo nipashe injini, nikaona upuuzi kuliacha pale. Nikaingiza gia, nikalisogeza mpaka upande wa jiko. Hatua chache. Geti lilikuwa limefungwa. Mguu wangu uliguswa na ile nguvu ya injini kidogo tu, na nitasema ukweli, nilitabasamu peke yangu mle ndani.

Sijazima injini, simu ikaita.

"Gari unaipeleka wapi?"

"Nalitoa chini ya mti."

"Nimekuambia uitoe? Irudishe ilipokuwa. Mimi nimeipima pale, geti likifunguliwa haionekani barabarani."

Nikalirudisha. Mama Katarina alikuwa barazani na bakuli la mchele, anachambua, uso kama ukuta. Nikampa ufunguo. Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Nimempikia uji kila asubuhi, nimemkanda mguu na kiuno chake kibovu, na yeye anashika simu chini ya khanga anampigia mwanawe: amesogeza.

Leo hajapata uji wa jioni mpaka alipouomba.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Innocent hakuja, wamempa zamu. Ametuma salamu na hela ya nyama. Ameomba kuona gari likiwa limepambwa riboni, awaonyeshe wenzake.

Nimelipamba.

Jumapili, 5 Januari 2025

Nta ya nyuki inazuia maji vizuri sana, Générose hakunidanganya. Ila vumbi na maua vinang'ang'ania. Fungu lile limekuwa kama andazi lililodondoka mchangani. Kwenye kiti ingefaa. Kwenye gari jeusi, hapana.

Kopo gumu bado. Maji yanasimama, yanateleza, yanaondoka.

Jumapili, 12 Januari

Nimepatikana.

Innocent alinizungusha na kamera, boneti, milango, nyuma. Halafu akasema, "Panda stuli nione paa." Hajawahi kusema hivyo. Nikajaribu kuinua simu juu bila kupanda. "Panda, Aneth."

Nikapanda. Paa lilikuwa na rangi nne kama kitambaa cha viraka.

"Hii ni nini?"

"Nilikuwa napima waksi. Uliniambia nitafute inayodumu. Nimeipata, ni hii ya..."

"Gari siyo maabara! Gari ni mali! Unajua nimekaa juu ya mtambo miaka mingapi?" Akaendelea, na mimi nimesimama juu ya stuli, nimeinua simu, mvua inaanza kunidondokea mkononi. Sikuweza kushuka kwa sababu hakusema nishuke. Hilo ndilo linaloniuma sasa ninapoandika. Nilingoja aniruhusu kushuka kwenye stuli.

Alipokata, Mama Katarina alikuwa amesimama karibu yangu. Alinishika kiwiko nikashuka. "Kabadilishe nguo," akasema.

Nilimwona mnafiki.

Jumatatu, 13 Januari

Shule zimefunguliwa. Darasa la sita wamekuwa la saba.

Jumamosi, 18 Januari

Nimesafisha paa lote, nimepaka gari zima waksi ya kopo gumu. Tabaka jembamba, nikasubiri, nikapaka la pili. Kopo limepungua kidogo mno. Nimempelekea Abednego jibu lake, akafurahi kama mtoto. "Kwa hiyo simba?"

"Maji, Abednego."

"Na nimemuuzia mchungaji!"

Jumamosi, 25 Januari

Wiki nzima ya mvua na gari linang'aa. Nimelimwagia maji tu, nikafuta. Kazi imekwisha kabla chai haijapoa.

Jumamosi nzima ni yangu. Nikasahihisha madaftari. Nikafua. Halafu nikakaa kwenye ngazi, sikujua pa kwenda. Rafiki zangu nilikuwa nimeacha kuwatembelea. Nje ya geti bodaboda zinapita, watu wanakwenda stesheni, wanakwenda sokoni, wanakwenda. Nikawa nalitazama geti kana kwamba limefungwa kwa nje.

Jumamosi, 1 Februari

Jambo la ajabu, na nina aibu.

Mama Katarina aliondoka asubuhi na akina mama wa jumuiya kwenda kumsalimia mgonjwa. Aliniachia ufunguo nipashe injini. Simu yake, kale kadogo ka tochi, kalikuwa kwenye chaji mezani mbele yangu. Nikalisogeza gari upande wa jiko kwa makusudi, nione.

Simu yangu ikaita.

"Aneth, unafanya nini na gari?"

Hapakuwa na mtu uani. Hata kuku hawakuwapo. Nikarudisha gari, nikaenda moja kwa moja kwa Abednego.

"Mwalimu, hiyo itakuwa na traka, kadude kanakomwonyesha gari kwenye simu yake. Kanafichwa chini ya dashibodi. Gari ikiwashwa anajua, ikisogea anajua. Wanazifunga sana kwenye malori."

Mama Katarina aliporudi nilimwandalia uji wa ulezi wenye karanga, nikamwekea na maji ya moto ya mguu. Alinitazama.

"Leo kuna nini?"

"Nilidhani wewe ndiye unampigia Innocent, mama. Kila nilipogusa gari."

Akachukua muda kuelewa. Halafu akacheka, kicheko kikavu. "Mimi? Vocha naitoa wapi? Huyo mtoto akinipigia ananiuliza mambo mawili tu. Ufunguo upo? Geti limefungwa?" Akapuliza uji. "Baba yake alipofariki akanitoa Mwese kule milimani, akaniambia, mama njoo mjini upumzike. Nimepumzika mpaka nimechoka. Mimi na hilo gari tumeletwa hapa kuegeshwa, mwanangu."

Jumapili, 2 Februari

Nilipozungusha kamera leo, Mama Katarina alipita makusudi mbele ya boneti amebeba ndoo. "Mama, unaziba," akasema Innocent. Yeye akapita tena.

Jumamosi, 15 Februari

Sasa Jumamosi tunakaa wote barazani, tunapukuchua mahindi na mvua inapiga bati mpaka tunapaza sauti. Anazungumza. Ameniambia kuhusu Mwese, ukungu wa asubuhi, maharage, na dada yake Gaudensia aliyebaki huko peke yake.

Ameniambia na habari za Innocent pia. Alipokuwa mdogo alikuwa akikimbia nyuma ya magari ya wakubwa yaliyopanda Mwese mara moja moja. Alikimbia mpaka sandali zikakatika, na mara moja dereva mmoja alisimama, akamwita, na alipokaribia akamrushia tope kwa tairi, wakaondoka wanacheka. Alirudi nyumbani hakula.

"Tangu hapo," akasema mama yake, "alikuwa anasema atakuwa na lake."

Sikupenda kuisikia habari hiyo. Ilikuwa rahisi kumchukia mtu asiyewahi kurushiwa tope.

Jumatano, 26 Februari

Mvua. Mvua. Daraja la miti kule nyuma ya shule limeondoka. Tunazunguka.

Jumanne, 11 Machi

Simu imetoka Mwese. Mwalimu mmoja wa huko, Yotham, jirani wa Gaudensia, ndiye aliyepiga. Bibi anaumwa, hali chakula, anamwita dada yake kwa jina.

Mama Katarina akampigia mwanawe kwa simu yangu. Nilikuwa karibu, nilisikia yote.

"Baba, nataka kwenda Mwese. Mwalimu atanipeleka, gari ipo."

"Mama, barabara ya Mwese masika haya itaua gari. Subiri ikauke. Au nitakutumia hela ya bodaboda."

"Bodaboda na kiuno hiki?"

"Basi subiri lori la mazao."

"Innocent. Ni Gaudensia. Amekubeba mgongoni."

"Mama, nimesema subiri."

Akanirudishia simu. Hakulia. Alikwenda kukaa kwenye kiti chake akaangalia gari, na gari lilikuwa linang'aa, vidonge vya maji vimesimama juu yake kila mahali. Waksi yangu. Nimeipaka mimi, kwa mikono hii, ili lisiguswe na kitu.

Jumamosi, 15 Machi

Jana shule zilifunga mapumziko mafupi. Leo asubuhi nikiwa naosha vyombo, Mama Katarina akaja jikoni amevaa gauni la kanisani, ana kifurushi kichwani. Akafungua pindo la khanga, akaweka ufunguo juu ya sahani safi.

"Twende."

"Mama, Innocent..."

"Innocent nimemzaa mimi. Wewe unajua kuendesha au hujui?"

Nikamvalisha Lidia viatu vya mvua. Nikafungua geti lote, mabawa mawili. Simu ilianza kuita kabla hatujaifikia lami. Mama Katarina akaichukua kwenye kiti, akaitazama inavyolia, akaiweka ndani ya kifurushi, katikati ya nguo, ikawa inalia humo kama kifaranga.

Lami ilipokwisha, nikasikia miguu yangu inakumbuka. Baba alinifundisha kwamba kwenye utelezi usifunge breki, liache gari liende linakotaka kidogo, halafu liombe lirudi. Nililiomba. Lidia nyuma alikuwa anapiga makofi kila tulipovuka dimbwi. Kwenye milima njia imekuwa nyembamba, vichaka vya miiba vimeinama pande zote, na nilisikia vinavyokwangua milango, sauti ndefu kama mtu anapasua kitambaa. Kila mkwaruzo nilifumba jicho moja. Mama Katarina akasema, "Tazama mbele, mwanangu. Tazama mbele tu."

Baada ya mto tulinasa. Tairi zikazama, gari likakaa kwenye tumbo. Nikashuka, nikakata matawi, nikasukuma, nikaanguka. Nguo yote tope. Nikakaa kando ya njia, nikaanza kulia, kwa sauti, kama sijawahi. Mbele hatuendi, nyuma haturudi, simu inalia kwenye nguo, na nilimwona Innocent kwa macho yangu akitazama kile kidoti kwenye simu yake, kimesimama porini. Niliwaza, hata huku. Hata huku ananiona.

Akatokea mzee mmoja wa Kisukuma na ng'ombe zake. Alijitambulisha kuwa ni Ngusa, ana boma lake ng'ambo ya mto, akanisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Hii gari ya mjini imekuja kutafuta nini huku?"

"Inampeleka bibi kwa dada yake mgonjwa," nikasema.

"Ah. Basi siyo ya mjini." Akafungua mnyororo kwenye jembe la kukokotwa, akaupitisha chini ya bampa. "Itachubuka, nakwambia kabisa. Usije ukaniletea polisi."

Nikamwangalia Mama Katarina. Mama Katarina akaniangalia mimi.

"Ichubuke," nikasema.

Ng'ombe wakavuta. Bampa likalia, gari likatoka kama jino.

Tumefika Mwese jua likiwa bado lipo. Gaudensia amelala kwenye mkeka karibu na moto, amekuwa mdogo kama mtoto. Mama Katarina akapiga magoti pamoja na kiuno chake kibovu, akamwekea kiganja shavuni, akaanza kumsemesha kwa Kibende, nadhani alikuwa anamgombeza. Gaudensia akafungua macho, naye akamgombeza.

Jumatatu, 17 Machi

Mganga wa zahanati amesema ni nimonia, ameanza sindano. Jana bibi alikunywa uji. Leo ameomba maharage.

Nimeongea na Innocent. Sitaandika aliyoyasema. Mwisho alisema, "Rudisha gari leo hii." Nikamwambia nitarudi shule zikifunguliwa. Akakata.

Yotham alikuja kuangalia mgonjwa. Ni kijana wa Kigoma, mwembamba, yuko shule ya msingi ya hapa tangu aajiriwe. Mke wake yuko Mpanda mjini, anafanya kazi dukani, wanaonana mwezi kwa mwezi barabara ikiruhusu.

"Dada, kila mwaka natafuta mtu wa kubadilishana kituo. Nikisema Mwese watu wanacheka. Hakuna mtu anataka kuja Mwese."

Lidia alikuwa anakimbia kwenye ukungu na watoto wa jirani, namsikia bila kumwona. Hakuna geti hapa. Nilimuuliza tu Yotham wanafundisha sayansi madarasa gani.

Jumapili, 30 Machi

Nimerudi mjini, mimi na Lidia peke yetu. Mama Katarina amekataa kurudi. Alinikabidhi ufunguo mkononi, akafunga pindo la khanga likiwa tupu.

Abednego amelikagua gari mlango kwa mlango. Mikwaruzo mingine inaweza kusuguliwa, mingine imefika kwenye bati. "Waksi yako bado ipo, mwalimu. Maji yanasimama. Ila waksi ni ya mvua. Mwiba ni habari nyingine."

Jioni simu ya video iliita. Nikapokea, nikampa Lidia. "Baba, nimepanda mlima!" Innocent akamwambia ampe mama simu. Nikamnong'oneza aseme niko bafuni, na nilikuwa nimekaa hapo hapo.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua zinapungua. Nimejaza fomu za kubadilishana, nimezipeleka kwa mwalimu mkuu. Akazisoma, akavua miwani. "Aneth, umekosea? Umeandika unatoka mjini unakwenda Mwese."

"Sijakosea."

Jumamosi, 19 Aprili

Innocent amekuja kwa Pasaka. Alishuka kwenye bajaji getini, akaweka begi chini, akaenda kwenye gari. Lidia alimkimbilia akamshika mguu, naye akamgusa kichwa huku mkono mwingine unapita kwenye mikwaruzo, taratibu, kama mtu anayesoma maandishi ya vipofu. Alipofika kwenye bampa akachuchumaa. Nilidhani atanipiga. Hajawahi kunipiga, lakini nilidhani hivyo, nikamtuma Lidia kwa jirani.

Aliposimama macho yalikuwa mekundu. Alikuwa amelia. Kwa ajili ya bampa.

"Nilikupa kazi moja, Aneth."

"Nimeifanya. Masika yote hakuna mvua iliyopenya."

"Unanikejeli?"

"Sikukejeli. Mama yako yuko hai na dada yake yuko hai. Hujaniuliza."

Akatoa simu akampigia mama yake, akamwambia ajiandae, kesho atamfuata. Mama Katarina alisema kwa sauti ya watu wa milimani, hata mimi nilisikia nilipokuwa. "Utanifuata na nini? Si umesema barabara itaua gari?"

Hakwenda.

Jumanne, 22 Aprili

Amerudi Geita. Ufunguo ameondoka nao, na betri ameifungia stoo. Nilimwambia kuhusu uhamisho jana, tukiwa tunakula. Alicheka. Alisema hakuna ofisi itakayoruhusu upuuzi huo.

Nilimwangalia akicheka na kwa mara ya kwanza nilimwona yule mtoto wa Mwese. Nilimhurumia kabisa. Lakini nilikwishaamua, na huruma haikubadilisha kitu.

Jumapili, 11 Mei

Anga jeupe. Jumapili ya pili bila mvua. Hakupiga, sikupiga.

Ijumaa, 23 Mei

Uhamisho umekubaliwa. Yotham amenipigia analia, na mke wake akachukua simu naye analia.

Jumamosi, 7 Juni

Ninaandika nikiwa nimekaa juu ya godoro, kwenye lori la mazao linalopanda Mwese tupu kwenda kuchukua maharage. Barabara imekauka, vumbi jekundu linatufuata. Lidia amelala kwenye mapaja yangu. Ninajua kwamba huko hakuna umeme wa uhakika, duka la dawa ni moja, na masika ijayo nitakwama huko kama watu wengine wote. Sijidanganyi.

Kabla mtandao haujakatika, Innocent alipiga. Jirani alikuwa amemwambia ameona lori likipakia. Nilijiandaa kwa matusi. Nilijiandaa pia, Mungu anisamehe, kwa kuombwa nibaki. Kama angeomba, sijui.

Nilisikia mitambo inanguruma nyuma yake.

"Umeondoka kweli?"

"Tumeondoka. Lidia yupo hapa, amelala."

"Sasa, Aneth," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechanganyikiwa kweli, siyo ya hasira, "gari itabaki na nani?"

Nikangoja, pengine lingefuata swali jingine. Lori likaingia kwenye kona, milima ikaziba minara, na simu ikanyamaza mkononi mwangu.